Chupa Ikipasuka, Tazama Saa: Mwongozo wa Kumkinga Mtoto Mchanga na Streptokoki ya Kundi B

Katika nyumba nyingi za Mtwara na Lindi, mjamzito akiona maji yametoka usiku na uchungu bado haujaanza, wakubwa wa nyumbani humwambia alale hadi asubuhi, kwa kuwa mtoto hazaliwi bila uchungu. Kuhusu uchungu wanasema kweli, ila wanasahau kwamba chupa, yaani mfuko wa maji unaomzunguka mtoto tumboni, ndiyo iliyokuwa mlango, na mlango huo ukishafunguka, vimelea vilivyoko kwenye njia ya uzazi huanza kupanda kumfuata mtoto. Mwongozo huu unahusu kimelea kimoja kati ya hivyo, streptokoki ya kundi B, ambacho kwenye karatasi za maabara huandikwa kwa herufi GBS. Nimeuandika kwa ajili ya mjamzito mwenyewe, mumewe, na yule mama mkwe au shangazi ambaye ndiye huamua gari liitwe saa ngapi. Kwa niliyoyaona wodi ya wazazi, huyo wa mwisho ndiye anayefaa kuusoma kwanza.

Kimelea chenyewe

Streptokoki ya kundi B ni bakteria anayeishi kwenye utumbo mpana, njia ya haja kubwa na uke wa wanawake wengi wenye afya njema, bila kuwasha, bila kutoa uchafu wala harufu. Duniani kote takribani wajawazito 18 kati ya 100 wanaye, na utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2009 ulimkuta kwa wajawazito 23 katika kila 100 waliopimwa. Huja na kuondoka: mwanamke anaweza kuwa naye katika mimba ya kwanza, akamkosa katika ya pili, akawa naye tena katika ya tatu. Ugonjwa huu hauhesabiwi kuwa wa zinaa, mume hahitaji kutibiwa, na hakuna wa kulaumiwa. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu majibu ya maabara yanayotaja bakteria na uke katika mstari mmoja yamewahi kuzua maneno ndani ya ndoa.

Hatari iko kwa mtoto. Wanawake 100 wenye kimelea hiki wakijifungua bila dawa, takribani nusu ya watoto wao huzaliwa wakiwa wamekibeba kwenye ngozi, puani au kooni, na mmoja au wawili huugua. Idadi hiyo huonekana ndogo mpaka ujue ugonjwa wenyewe ulivyo: maambukizi kwenye damu, nimonia, au homa ya uti wa mgongo, kwa mtoto ambaye hajamaliza wiki moja duniani. Wengi wa wanaougua mapema huonesha dalili ndani ya saa 24 za kwanza. Baadhi hufariki, na baadhi ya wanaopona hubaki na matatizo ya kusikia, kifafa au kuchelewa kukua kiakili.

Hatua ya kwanza: zijue wiki zako

Hesabu yote ya kinga hii inategemea wiki, hivyo anza na tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Ongeza siku 7, kisha songa mbele miezi 9, na utapata tarehe ya makadirio ya kujifungua. Mwanamke aliyeanza hedhi tarehe 10 Februari anatarajiwa kujifungua tarehe 17 Novemba. Anatimiza wiki 36 tarehe 20 Oktoba, na dirisha la kupimwa, ambalo hufungwa wiki 37 na siku 6, linaishia tarehe 2 Novemba. Kwa huku kwetu tarehe hizo zinaangukia katikati ya msimu wa korosho, wakati familia nzima iko shambani ikiokota mabibo na kuyatoa korosho, na kliniki ndiyo inayoahirishwa. Ziandike tarehe hizo ukutani kabla msimu haujaanza. Kama hukumbuki hedhi, muulize nesi umri wa mimba uliokadiriwa katika hudhurio la kwanza, kwa maana makadirio ya mwanzoni mwa mimba ni sahihi kuliko ya mwishoni.

Hatua ya pili: sema kliniki mambo ambayo kadi haiyaulizi vizuri

Katika hudhurio lolote, mweleze mtoa huduma mambo matatu na uhakikishe yameandikwa kwenye kadi. La kwanza ni kama uliwahi kuzaa mtoto aliyeugua au kufariki katika wiki ya kwanza, na aliugua vipi. Najua ni jambo zito kulisema mbele ya foleni, na wengi hujibu kwa mkato kwamba mtoto “hakukaa”. Omba kuzungumza faragha, lakini usiliache, kwa sababu mama ambaye mtoto wake aliwahi kuthibitika kuugua streptokoki ya kundi B hahitaji hata kupimwa tena: anapaswa kupewa dawa katika kila uzazi unaofuata.

La pili ni mkojo. Ukiwa na maumivu unapokojoa, kwenda haja ndogo mara kwa mara, au maumivu ya chini ya kitovu yanayoambatana na homa, pima mkojo. Na kama mkojo utaoteshwa maabara, yaani vimelea vilivyomo vikuzwe ili vitambulike, na kimelea hiki kikaonekana, hata kidogo, katika mimba hii, maana yake kimejaa kwenye njia ya uzazi na utahitaji dawa wakati wa kujifungua hata kama UTI yenyewe ilishatibiwa na kupona.

La tatu ni mzio wa penisilini. Eleza kilichotokea hasa. Kuharisha au kichefuchefu baada ya vidonge si mzio. Kuvimba uso na midomo, kushindwa kupumua, au vipele vilivyotapakaa mwilini mara tu baada ya sindano ni mzio wa kweli, nao hubadilisha dawa utakayopewa. Wanawake wengi wameandikwa kuwa na mzio kwa sababu ya tumbo kusokota siku moja miaka kumi iliyopita, na matokeo yake wanakosa dawa iliyo bora kuliko zote kwa kazi hii.

Hatua ya tatu: uliza kuhusu kipimo, na kielewe

Marekani kila mjamzito hupimwa kati ya wiki 36 na 37 na siku 6, na tangu utaratibu wa kinga uanze huko katika miaka ya 1990, ugonjwa wa siku za mwanzo umeshuka kutoka takribani watoto 18 katika kila 10,000 wanaozaliwa hai hadi watoto 2 au 3. Uingereza haiwapimi wote. Huangalia nani ana vihatarishi, kisha huwapa hao dawa. Tanzania kipimo hiki si sehemu ya huduma ya kawaida ya kliniki, na zahanati ya kijiji haina maabara ya kuotesha vimelea, kwa hiyo usimlaumu nesi wa zahanati ukimwuliza akakosa jibu. Anayetaka kupimwa aulize kwenye hospitali kubwa iliyo karibu naye, iwe Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mtwara, Sokoine pale Lindi, Ndanda au Nyangao, na aulize kabla ya kufunga safari, pamoja na gharama na siku za kusubiri majibu.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Kijiti cha pamba hupitishwa sehemu ya chini ya uke, kisha ndani kidogo ya njia ya haja kubwa. Havitumiki vyuma vya kupanulia, na mwanamke akielekezwa vizuri anaweza kujichukulia mwenyewe. Sehemu ya haja kubwa isirukwe kwa aibu, kwa sababu huko ndiko makao ya kimelea, na kijiti cha uke peke yake hukosa wengi walio nacho. Maabara iambiwe kwamba kinatafutwa GBS, na kama una mzio wa penisilini iambiwe pia, ili ipime ni dawa gani nyingine inayokiua. Majibu huchukua siku mbili au tatu na hutegemewa kwa wiki 5 hivi. Ndiyo sababu kupima mwezi wa tano wa mimba hakusaidii.

Majibu yakionesha unacho, usikimbilie duka la dawa. Vidonge vya amoksilini vinavyomezwa wiki ya 37 hupunguza kimelea kwa siku chache, kisha kinarudi kutoka kwenye utumbo kabla hujajifungua, na wewe umebaki ukiamini umepona. Kujisafisha ukeni kwa dawa ya kuua vijidudu, kwa ndimu au kwa majani, hakumkingi mtoto. Dawa inayofanya kazi ni ile inayoingia kwenye mshipa uchungu ukiwa umeanza au chupa ikiwa imepasuka, kwa sababu hiyo hupita kwenye damu yako hadi kwa mtoto na kwenye maji yanayomzunguka katika saa zile zile ambazo anahatarishwa.

Hatua ya nne: panga safari kwa kuhesabu kinyumenyume

Dawa hufanya kazi yake kikamilifu inapoanza angalau saa 4 kabla ya mtoto kuzaliwa. Kwa mwanamke wa Shangani, Mtwara mjini, hilo halina ugumu. Kwa wa vijiji vya ndani vya Tandahimba au Nanyumbu, kwa wa Liwale wakati mvua imeharibu njia ya kwenda Nachingwea, au kwa wa kisiwa cha Songosongo anayetegemea boti na hali ya bahari, saa hizo 4 zinaweza kumalizika njiani. Basi chukua muda wa safari katika hali mbaya kabisa, si hali nzuri, uongeze saa 4, na ujiulize kama mwanamke aliyewahi kuzaa, ambaye uchungu wake huenda haraka, anaweza kuumudu. Kama hawezi, ahamie mapema, kuanzia wiki ya 37 au 38, kwa ndugu anayeishi karibu na hospitali au kwenye nyumba ya kusubiri kujifungua pale ilipo. Anayebeba kimelea asijifungulie nyumbani hata kama mkunga wa jadi anaaminika, kwa kuwa mkunga hana dripu.

Weka akiba ya nauli, kubaliana na dereva, na iandike namba 115 ya mfumo wa m-mama, isiyo na malipo, ambayo humtafutia mjamzito au mtoto mchanga mwenye dharura gari la wagonjwa au dereva wa jamii. Ikae kwenye simu ya kila mtu mzima wa nyumba hiyo, maana simu ya mume inaweza kuwa mnadani pamoja na mume.

Hatua ya tano: chupa ikipasuka

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo huu, na panamhusu kila mjamzito, aliyepimwa na asiyepimwa.

Maji ya uzazi hutoka kwa kumwagika ghafla au kwa kuchuruzika kidogo kidogo, na hayazuiliki kama mkojo unavyozuilika. Ukiona unyevu usiouelewa, vaa pedi au kitambaa safi kikavu, tembea kidogo, kisha kiangalie: kikilowa maji yasiyonuka mkojo, chukulia kwamba chupa imepasuka. Tazama saa wakati huo huo na uiandike, ikiwezekana nyuma ya kadi ya kliniki. Usiseme “usiku”, kwa sababu usiku wa Newala una saa 12 kama ulivyo usiku wa Kilwa. Chupa iliyopasuka saa 2 usiku inatimiza saa 18 ifikapo saa 8 mchana wa kesho yake, na saa 18 ndio mpaka ambao ukivukwa kabla mtoto hajazaliwa, hatari ya maambukizi huongezeka kiasi kwamba hata mama asiyepimwa anastahili kupewa dawa. Familia iliyolala hadi asubuhi, ikapika uji, ikasubiri gari la saa 3, imekwisha kutumia saa 13 kati ya hizo, na uchungu huenda bado hata haujaanza.

Kwa hiyo ondoka. Usiingize chochote ukeni, si kidole cha bibi anayetaka kujua njia imefunguka kiasi gani, wala dawa ya kienyeji ya kuharakisha uchungu, na usikutane kimwili na mumeo tena. Kama mimba haijatimiza wiki 37, usisubiri hata nusu saa, kwa sababu mtoto njiti ndiye anayeshambuliwa kirahisi zaidi. Homa, maji yenye harufu mbaya, au mtoto aliyepunguza kucheza tumboni, ni dharura hata kama saa 18 ziko mbali.

Hatua ya sita: useme nini ukifika leba

Wodi ya wazazi yenye wakunga wawili na wanawake kumi ina kelele, na kadi yako inaweza kukaa mezani muda mrefu kabla haijafunguliwa. Sema mwenyewe, au ndugu aliyekusindikiza aseme, kwa sentensi zinazobeba kila kitu: “Shikamoo, nesi. Mimba yangu ina wiki 38, chupa ilipasuka jana saa 2 usiku, nilipimwa GBS nikakutwa ninayo, na sina mzio wa penisilini.” Asiyepimwa aseme: “Sikupimwa, lakini chupa imepasuka zaidi ya saa 18, na mtoto wangu aliyetangulia alifariki siku ya pili akiwa na homa.” Sentensi hizo si ujuaji wala dharau kwa mtaalamu, mkunga mzuri huzipokea kwa shukrani.

Vihatarishi vinavyostahili dawa kwa mama asiyepimwa ni hivi: uchungu kabla ya wiki 37, chupa iliyopasuka kwa saa 18 au zaidi, na homa ya nyuzi joto 38 au zaidi wakati wa uchungu. Dawa ya kwanza kuchaguliwa ni penisilini ya kwenye mshipa au ampisilini. Ampisilini huanza kwa gramu 2, kisha gramu 1 kila baada ya saa 4 hadi mtoto azaliwe. Naitaja dozi ili msindikizaji ajue kwamba sindano ni zaidi ya moja na akumbushe kwa upole saa 4 zikipita, si ili mtu ajitibu. Mwenye mzio mkali hupewa dawa nyingine kwa uamuzi wa daktari. Mama akiwa na homa, matibabu huongezwa, kwa sababu hapo si kinga tena, ni maambukizi yanayotibiwa.

Anayefanyiwa upasuaji wa kupanga, uchungu haujaanza na chupa haijapasuka, hahitaji dawa hii ya streptokoki. Atapewa ile ya kawaida ya upasuaji. Na aliyechelewa kufika bado apewe sindano, kwani hata saa 2 zina msaada kiasi, ila mtoto wake lazima aangaliwe kwa karibu zaidi.

Hatua ya saba: usikimbilie nyumbani

Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye kihatarishi, hasa ambaye dawa haikufikisha saa 4, akae chini ya macho ya wataalamu kwa saa 36 hadi 48 hata kama anaonekana mzima. Nauli ya kurudi, watoto walioachwa nyumbani na wageni wanaosubiri ni sababu za kweli. Hata hivyo omba kubaki, na ukilazimika kuondoka, uliza urudi lini kumwonesha.

Mwanzishie maziwa ndani ya saa ya kwanza na mweke kifuani ngozi kwa ngozi. Kunyonyesha hakumwambukizi, na mama aliyekutwa na kimelea hana sababu ya kuacha.

Hatua ya nane: arobaini ya macho

Mila ya kumweka mzazi na mtoto ndani siku arobaini ina hekima yake, kwa kuwa humpumzisha mama na kupunguza mikono inayomshika mtoto. Ubaya wake huja pale ndani panapokuwa kizuizi cha kwenda hospitali. Kila anayetaka kumpakata anawe mikono kwa sabuni, na mtoto aangaliwe mara kadhaa kwa siku kwa dalili zifuatazo, ambazo yoyote kati yake inatosha kumtoa nje hata kama ni siku ya tatu na ni usiku wa manane.

Ananyonya kwa shida au ameacha. Anapumua haraka: mhesabu akiwa ametulia, kwa dakika nzima ya saa ya simu, na pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kifua kinabonyea kwa ndani anapovuta hewa, au anaguna kila anapotoa pumzi. Ana joto la nyuzi 37.5 au zaidi kwapani, au amepoa chini ya 35.5, mtoto mchanga mgonjwa mara nyingi hupoa badala ya kuchemka, na ubaridi huo watu huufunika kwa kanga wakidhani ni hali ya hewa. Midomo au ufizi umegeuka kijivu au buluu. Anatetemeka mkono mmoja, anakodoa macho au anakakamaa. Hilo ni degedege, na linataka hospitali kabla ya mganga. Utosi umevimba na kukaza.

Dalili inayotuponyoka zaidi ni ukimya. Mtoto asiyelia, anayelala tu, anayelegea mikononi kama kitambaa kilicholowa, husifiwa kuwa mpole na mwenye adabu kama babu yake. Mtoto mchanga mzima huamka na kudai maziwa mara nane au zaidi kwa siku. Asiyedai aamshwe, na akishindwa kuamka vizuri au kushika ziwa, apelekwe.

Sindano uliyochomwa leba inazuia ugonjwa wa siku za mwanzo tu. Upo mwingine unaoanza siku ya 7 na unaweza kutokea hadi siku ya 89, mara nyingi kama homa ya uti wa mgongo, nao hakuna dawa ya leba inayouzuia. Chanjo ya wajawazito bado inafanyiwa utafiti. Kwa hiyo macho hayafungwi arobaini ikiisha. Yanaendelea mpaka mtoto apite miezi mitatu.

Ukifika kituoni, mweleze mtoa huduma kwamba chupa ilikaa saa ngapi na kama ulipata sindano leba. Mtoto mwenye dalili hizo huanzishiwa ampisilini na jentamaisini bila kusubiri majibu ya maabara, na zahanati inaweza kumchoma dozi ya kwanza kabla ya rufaa. Uliza kama amechomwa kabla gari halijaondoka. Njiani mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, ukiwa umejifunika naye kanga, na umnyonyeshe kama anaweza kumeza.

Mtoto akiruhusiwa, omba jina la ugonjwa liandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa, na kama maabara iliotesha streptokoki ya kundi B, liandikwe hivyo hivyo. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na kadi ya kliniki mahali pasipovuja mvua, kwa sababu katika mimba ijayo ndiyo itakayokupa haki ya kuchomwa sindano bila kupimwa kwanza.